Riwaya ya vijana imenikera sana: kasalitiwa binti, halafu anayeomba msamaha ni binti!

Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, Majengo, nina hasira toka jana, mnivumilie uzi hauna mpangilio.

Kuna riwaya nilimnunulia binti wa marehemu dada yangu mjini karibu na stendi, yupo fomu three, anapenda kusoma kuliko kula. Wapenzi wawili wa sekondari, nikaona sawa tu umri wenyewe ndo huo. Sikuifungua. Na huyu mtoto wangu kazaliwa na virusi vya Ukimwi, anameza dawa toka mdogo.

Sasa humo ndani binti naye kazaliwa nao, anamwamini mpenzi wake anamwandikia meseji kumwambia, jamaa anapiga skrinishoti anarusha kwenye grupu la darasa. Ilikuwa likizo ya Desemba. Januari wanafungua, binti anaingia darasani anakuta dawati lake limesogezwa peke yake dirishani. Mwandishi anajua kuandika jamani, pale nililia, ndo maana nimekasirika zaidi, maana kuanzia hapo anasemwa binti tu, mama anamsema, matroni anamsema, mpaka anapiga magoti kwa yule kijana eti alichelewa kumwambia! Kachelewa nini na walikuwa wanaandikiana tu? Kijana kalia ukurasa mmoja yameisha.

Halafu anakondeshwa mpaka anakufa. Dawa anameza kila siku, anakufaje? Wangu anameza kidonge kimoja usiku, kipimo cha mwisho virusi havionekani, anakimbia mita 800 anaacha wenzie. Kliniki wanafundisha kila siku kwamba virusi visipoonekana kwenye kipimo huwezi kumwambukiza mpenzi wako, kwenye kitabu hakuna hata mstari. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inakataza unyanyapaa, ila mwalimu mkuu aliyesogeza dawati mwandishi anamwita mwenye busara!!

Jana usiku namenya ndizi kaja jikoni akaniuliza, mamdogo, kwahiyo nikimwambia mtu akanitangaza kosa ni langu? Nikamwambia hapana mwanangu, hapana kabisa. Asubuhi nafua nimekuta kidonge cha jana kwenye mfuko wa sketi yake.

Mwenye kujua namna ya kumfikia mchapishaji yeyote wa vitabu vya vijana aje PM. Nataka mwandishi asikie habari ya hicho kidonge.