Naomba ushauri: nimsaidie ndugu huyu hadi wapi?

Wapendwa, naombeni ushauri. Kuna ndugu tunayesali naye, ana watoto wadogo, na kwa miezi kadhaa amekuwa akija kwangu kuomba msaada. Nimetoa nilichoweza, ila sasa naanza kugusa mahitaji ya nyumbani kwangu. Nikisoma Yakobo 2:15-16 nashindwa kumwambia "nenda kwa amani" bila kumpa kitu. Nikigeukia 1 Timotheo 5:8, nakumbushwa kuwatunza wa nyumbani mwangu. Na si mvivu jamani, kazi anatafuta, namwona kwa macho yangu, hivyo 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile, haimhusu kabisa. Je, niwashirikishe wazee wa kanisa, au nitakuwa nimemwaibisha? Mliopitia hali kama hii mlifanyaje?