Naomba ushauri: feni ya kompyuta inavuma bila kukoma na haitii programu

Rekoda_Kondele (Kisumu)

Wanajukwaa, hamjambo. Ninarekodi sauti na kuhariri video za harusi na mazishi katika chumba kidogo hapa Kondele, na kompyuta yangu ni ya mezani, iliyounganishwa na fundi kutokana na vipuri nilivyonunua kimoja kimoja. Ina feni tatu: ya prosesa, ya nyuma ya kasha na ya mbele. Tatizo ni uvumi usiokoma. Juzi mama mmoja alikuja kusoma tangazo la kifo cha mumewe litakalopelekwa redioni, akawa anasita kila baada ya jina la mtoto, na katika kila kimya chake ninasikia feni kana kwamba nimerekodia kando ya posho mili. Sikutaka kumwomba asome mara ya pili.

Nimeweka HWiNFO, programu inayosoma joto na kasi ya feni, ili nione kinachoendelea. Nikiwa sifanyi lolote, prosesa ina nyuzi 58 na feni yake inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Ninaporenda video, yaani kuitoa ikiwa imekamilika baada ya kuihariri, joto hupanda hadi 97. Feni ya nyuma husoma 1,900 saa zote, na ya mbele haionekani kabisa ingawa kwa macho yangu inazunguka. Kisha nikaweka programu ya FanControl na kushusha zote hadi asilimia 40: ya prosesa ilitii, ya nyuma haikubadilika hata kidogo. Je, ni programu niliyokosea au ni kifaa? Na je, ni salama kupunguza kasi katika joto hili la Kisumu?

Fundi_Lanet (Nakuru)

Ndugu, pole kwa usumbufu huo, na pole zaidi kwa huyo mama. Programu hujaikosea. Fungua kasha umeme ukiwa umezimwa, uhesabu waya za feni ya nyuma, kwa maana nina hakika karibu kamili kwamba utakuta tatu na si nne. Waya mbili ni za umeme, wa tatu hurudisha hesabu ya mizunguko, na wa nne ndio hubeba amri ya kuongeza au kupunguza kasi, ile inayoitwa PWM. Feni yako ina uwezo wa kusema lakini haina sikio: inakuambia 1,900, ila amri ya asilimia 40 haina waya wa kupitia, na kwa kuwa soketi ilimochomekwa kwenye ubao mama, ile bodi kuu ya kompyuta, inaipa volti 12 muda wote, inazunguka kwa nguvu zake zote.

Dawa yake iko katika Bios, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla ya Windows. Ingia humo unapowasha mashine, tafuta sehemu ya feni, na soketi ya feni ya nyuma uibadilishe kutoka PWM hadi DC, au Voltage kama ubao mama wako unatumia neno hilo. Hapo kasi itadhibitiwa kwa kupunguza volti zenyewe, na FanControl itaanza kusikilizwa.

Ile ya mbele isiyoonekana, fuata waya wake kwa kidole. Ukikuta umechomekwa moja kwa moja kwenye nyaya za pawa saplai kwa plagi pana yenye matundu manne, basi ubao mama haujui kwamba ipo, na hakuna programu duniani itakayoiona.

Mdau_Ahero

Jaribu SpeedFan, mimi niliitumia zamani na ilinifaa sana.

Fundi_Lanet (Nakuru)

Ndugu wa Ahero, SpeedFan ilikuwa programu nzuri ya enzi yake, lakini haijasasishwa kwa miaka mingi na haizitambui chipu nyingi za kupima joto na kuongoza feni kwenye bodi za siku hizi. Tena ningemwomba mwenye uzi asifungue programu mbili za aina hii kwa wakati mmoja, kwa sababu zote huuliza chipu ileile, na majibu yakigongana utaona namba za ajabu. Na ukiona kipimo kinachosoma nyuzi 127 au -128 bila kubadilika, usishtuke: mara nyingi hiyo ni sehemu ya chipu ambayo haikuunganishwa na chochote.

Jambo jingine, pakua toleo jipya la FanControl. Matoleo ya zamani yalitegemea draiva ya WinRing0, yaani programu ndogo ya kuzungumza na vifaa vya kompyuta, ambayo kinga ya Windows ilianza kuizuia mwaka 2025 kwa kuwa ina udhaifu wa kiusalama.

Dada_wa_Dunga

Mimi naona mmeruka jambo kubwa zaidi. Nyuzi 58 bila kazi yoyote ni nyingi, na 97 ni ukingoni, kwa sababu prosesa nyingi za Intel hufikia kikomo chake kwenye 100, zikaanza kujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Kaka, usishushe feni yoyote kabla hujasafisha. Sisi wa kando ya ziwa tuna sami, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi. Wakija jioni hufuata mwanga wa dirisha, na kompyuta iliyo karibu na dirisha huwavuta ndani pamoja na vumbi. Mwaka jana nilipoondoa feni ya prosesa yangu nilikuta kati ya feni na mapezi ya chuma cha kupoza kumetanda kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, na ndani yake mabawa madogo ya sami yamenasa, na hewa haikuwa na pa kupita hata feni ingezunguka kwa kasi gani.

Tumia brashi laini ya kupakia rangi. Ukipuliza kwa hewa ya kompresa, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, kwa sababu zikizungushwa kupita kiasi beringi huharibika. Ukiondoa chuma cha kupoza, pangusa pesti iliyokauka, ile inayopitisha joto kutoka prosesa hadi chuma hicho, na upake mpya, kiasi cha punje ya njegere.

Mwl_wa_Maabara (Bungoma)

Kwa wanaotumia Linux kama sisi shuleni: wekeni lm-sensors, mwendeshe sensors-detect, kisha pwmconfig, ambayo husimamisha feni moja baada ya nyingine ili ijue ipi inatii soketi ipi. Fanyeni hivyo mashine ikiwa imetulia, si katikati ya kazi.

Kwa mwenye uzi, ukishasafisha, usiweke asilimia moja isiyobadilika, chora mstari. Hadi nyuzi 50 feni iwe asilimia 35, kwenye 70 iwe 65, na kwenye 82 iwe 100. Kisha iagize isubiri joto lishuke nyuzi tatu au nne kabla ya kupunguza, la sivyo itapanda na kushuka kila ukifungua faili, na sauti inayopanda na kushuka huudhi sikio kuliko uvumi ulionyooka. Feni ya nyuma uiongoze kwa joto lililo juu zaidi kati ya prosesa na kadi ya michoro. Mstari kama huo uweke pia katika Bios, ili siku FanControl isipofunguka mashine isibaki bila mlinzi.

Rekoda_Kondele (Kisumu)

Nimerudi na majibu. Waya za feni ya nyuma ni tatu, kama Fundi alivyosema. Nilibadilisha hadi DC na sasa inazunguka mara 780 ninaporekodi. Dada wa Dunga, blanketi nililikuta, na pesti ilikuwa imekauka kama chaki. Baada ya kusafisha, prosesa ina nyuzi 41 ikiwa imetulia, na video ya dakika 40 niliyorenda jana mchana haikupita 79.

Feni ya mbele imechomekwa pawa saplai kweli. Bodi ina soketi moja iliyobaki wazi. Je, naweza kuihamishia hapo?

Fundi_Lanet (Nakuru)

Kwanza soma kibandiko kilicho katikati ya feni, uone imeandikwa ampea ngapi. Soketi nyingi za bodi hubeba ampea 1. Ikiwa feni ni ya 0.2 au 0.3, nunua kigeuzi cha plagi uihamishe bila wasiwasi. Ikiwa imekaribia 1, iache ilipo, au tafuta nyingine yenye waya nne.

Rekoda_Kondele (Kisumu)

Imeandikwa 0.18. Kesho asubuhi nitanunua kigeuzi, kwa maana mama yule anarudi saa nne kurekodi shukrani kwa waliohudhuria mazishi.