Nani kawaruhusu kumkata Bud Abbott? Malalamiko yangu kuhusu Buck Privates

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Hawa wanaosambaza vipande vya Buck Privates mitandaoni, pamoja na huduma moja ya filamu ninayoilipia kila mwezi, wanaichinja filamu hii mchana kweupe na hakuna anayewauliza. Leo nawauliza mimi.

Kwa wasioifahamu: ni filamu ya Universal, ilitoka tarehe 31 Januari 1941, mwongozaji Arthur Lubin, wachekeshaji Bud Abbott na Lou Costello. Picha nyeusi na nyeupe, dakika 84. Slicker Smith (Abbott) na Herbie Brown (Costello) wanauza tai barabarani bila leseni. Polisi anawafukuza, wanajichomeka kwenye jumba la sinema, wanatia sahihi karatasi wakidhani ni bahati nasibu. Kumbe jumba limegeuzwa kituo cha kuandikisha askari. Wanafika kambini, sajini wao ni nani? Ni yule yule polisi.

Sasa nisikilizeni. Filamu za miaka ile zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, upana ukizidi urefu kwa kiasi kidogo tu. Kwenye televisheni za leo, picha ikiachwa nzima, inabaki mistari miwili myeusi pembeni. Mistari hiyo haimdhuru mtu. Lakini hii huduma imeona aibu kuonyesha mistari, ikaivuta picha hadi ijaze kioo, na kwa kufanya hivyo imetupa karibu robo ya picha, juu na chini. Anayecheza sajini ni Nat Pendleton, pande la mtu, mwanamieleka aliyechukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920. Mwili wake ni sehemu ya kichekesho: kila akimkaribia Costello, yule mfupi anazidi kuwa mfupi. Kwenye toleo hili akisogea karibu na kamera hana utosi.

Halafu kuna ile kwata. Hata kama hujui filamu yenyewe, bila shaka umeshakiona kipande hiki: Abbott anawapigisha kwata makuruta wachache, Costello yumo, bunduki inakwenda kwake, mwili unakwenda kwingine. Wenzake wanageuka kulia, yeye anageuka kivyake. Aliyepita JKT anajua kwata ni miguu. Ukikata miguu umebakiza watu wanaotikisika mabega. Ndicho ninacholipia!

Wa kwenye simu ndio wamepitiliza. Wanaichukua picha nzima na kuisimamisha wima ienee kwenye simu. Pigeni hesabu wenyewe: inabaki kama asilimia 40 ya picha. Na hiyo asilimia 40 wamempa nani? Costello, kwa sababu ndiye mnene, ndiye anayeanguka, ndiye anayelia. Abbott anabaki sauti inayofoka kutoka nje ya picha, wakati mwingine bega moja linaonekana, basi. Ni kama kusambaza ngonjera baada ya kufuta beti za upande mmoja.

Hapa ndipo ninapokasirika kwa dhati, maana inaonyesha wahusika hawajui wanachokikata. Chukueni ule mchezo wa dadu. Herbie anaapa hajawahi kucheza, anaomba afundishwe. Smith anafurahi, anajua amepata wa kumla. Kisha Herbie anaanza kudondosha maneno ambayo hayajui ila mcheza kamari wa siku nyingi. Kila neno likitoka, Abbott anamgeukia. Anamtazama. Anauliza umelijua wapi. Herbie anajibu kwa sura ya mtoto wa shule ya Jumapili. Kichekesho hakimo kwenye lile neno peke yake. Kimo kwenye uso wa Abbott, mtu aliyejiandaa kuibia na sasa anahisi anaibiwa. Mkiutoa uso ule mnatubakizia mtu mnene anayerusha dadu.

Au ile ya mkopo. Smith anaomba dola 50. Herbie ana 40 tu. Smith anajibu haraka bila kupepesa jicho: basi nipe hizo 40, nitakudai 10. Kuanzia hapo Herbie anazidi kukatwa huku akijitahidi kuelewa kosa liko wapi. Lazima uwaone wote wawili kwa pamoja, mmoja anahesabu kwa uhakika wa karani wa benki, mwingine macho yamemtoka. Ndiyo maana kamera imetulia na kuwaweka wote ndani. Lubin hakuwa mvivu. Aliwaacha wafanye kazi waliyoipika kwa miaka kwenye majukwaa ya burlesque, yaani maonyesho ya jukwaani ya vichekesho na muziki.

Na kwenye majukwaa hayo, mnajua nani alikuwa analipwa zaidi? Abbott. Asilimia 60 yake, 40 za Costello. Watu wa kazi ile walijua kwamba wa kuanguka wanapatikana, lakini anayejua kutega, kusubiri, kupandisha sauti kwa wakati wake na kumrudisha mwenzake kwenye mstari akipotea, huyo ni adimu. Baadaye mgawanyo ulibadilika na Costello akapata zaidi, ni kweli, lakini mwanzo wao ulikuwa huo. Leo kijana mwenye programu ya kuhariri video anamfuta mwenye asilimia 60 ndani ya sekunde tatu.

Juu ya hapo wanabandika vicheko vya kutengeneza. Costello ana tabia ya kuropoka neno dogo chini kwa chini wakati Abbott bado anafoka. Hilo neno ndilo tamu. Halisikiki tena.

Maelezo wanayoweka nayo ni aibu. Nimekuta kipande cha kwata kimeandikwa "Laurel na Hardy jeshini". Laurel na Hardy walitoa filamu yao ya jeshi, Great Guns, Oktoba 1941, baada ya hii kupasua kumbi. Ni watu wengine, studio nyingine. Wengine wanaandika eti ni filamu ya kuhamasisha vita baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani. Pearl Harbor ilishambuliwa tarehe 7 Desemba 1941, miezi kumi baada ya filamu kutoka! Marekani ilikuwa bado haijaingia Vita vya Pili vya Dunia. Kilichokuwapo ni sheria aliyotia sahihi Rais Roosevelt tarehe 16 Septemba 1940, ya kuandikisha wanaume wa miaka 21 hadi 35, mafunzo ya mwaka mmoja. Siku ya kujiandikisha, tarehe 16 Oktoba, walijitokeza kama milioni 16. Hao ndio waliokwenda kuiona, pamoja na mama zao na wachumba zao, watu wenye wasiwasi wa kweli, wanaohesabu kwamba mwaka utaisha na kijana atarudi. Agosti 1941 Baraza la Wawakilishi la Marekani likapitisha kuongeza muda huo kwa tofauti ya kura moja, 203 kwa 202. Ukijua hivyo, ile furaha ya filamu inakuwa na uzito wake. Ukidanganywa tarehe, huelewi watu wale walikuwa wanacheka nini.

Nyimbo nazo zimepigwa panga. Andrews Sisters, yaani Patty, Maxene na LaVerne, wanaimba Boogie Woogie Bugle Boy, wimbo wa mpiga tarumbeta mashuhuri wa Chicago aliyeitwa jeshini. Uliteuliwa kugombea Oscar. Kwenye toleo ninalolipia umekatwa katikati, sauti inaruka, tayari tuko kambini. Nimeandika kwa huduma kwa wateja, nikajibiwa nizime simu na kuiwasha.

Nataka mambo yafuatayo. Mnaolipia huduma hiyo, andikeni malalamiko na muwatajie wazi: picha nzima na mistari yake myeusi, dakika 84, nyimbo zote. Mnaorusha vipande, rusheni picha ikiwa imelala, wote wawili waonekane, na muandike majina yao. Na mdau mwenye toleo zima lililonunuliwa kihalali, aseme hapa chini amelipata duka gani na kama mchezo wa dadu umo wote.