Mrejesho: Kwa nini Jengo la Ufundi liliporomoka lote?

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini shambulio la bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998 liliangusha Jengo la Ufundi lililokuwa jirani, ilhali ubalozi wa Marekani uliolengwa ulibaki umesimama. Nawashukuru kwa majibu, hasa fundi aliyenielekeza nitazame nguzo badala ya kuta.

Nimeelewa kwamba lori lililobeba bomu lililipuka nyuma ya ubalozi, kwenye nafasi finyu kati ya majengo, ambako wimbi la mlipuko lilibanwa na kurudishwa na kuta. Ubalozi ulikuwa wa zege lenye nondo za kutosha, hivyo mifupa yake ilihimili japo ndani uliharibika vibaya. Lakini nguzo za Ufundi zilipopoteza uwezo wa kubeba uzito, sakafu zililaliana juu ya watu. Jengo refu la Co-operative, nalo la jirani, halikuanguka, na baadaye lilikarabatiwa.

Lililoniuma zaidi ni vioo: wengi walikimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza, cha guruneti la washambuliaji, na mlipuko mkubwa ukawapofusha. Waliofariki Nairobi ni 213. Naona kanuni za ujenzi mijini zingetaja vioo waziwazi, sawa na nguzo.