Naomba ushauri: mpunga unakauka kwa maduara, ni mdudu gani huyu?

Jaruba la Tatu
Wakuu, habari za majukumu. Leo ni usiku wa nne sijalala vizuri. Nina mpunga wa majaruba, una siku 35 tangu kupandikiza. Wiki iliyopita katikati ya shamba palipiga njano, duara la ukubwa wa kitanda. Jana lilikuwa limefika ukubwa wa chumba na katikati pamekauka, rangi ya makuti. Leo yameongezeka maduara mawili. Pembeni yake mpunga ni wa kijani kabisa.

Nikipanua mashina nakuta vidudu vya kahawia vimejipanga chini, karibu na maji. Ukivigusa vinakimbia upande upande, vingine vinarukia majini. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: anaitwa nani na anauawa na dawa gani kali? Mengine nitamaliza mwenyewe.

Mzee wa Mfereji
Pole sana. Huo ni ugonjwa wa ukungu, usihangaike na wadudu. Mimi ulinikuta msimu ambao mvua ilikataa kukatika. Shingo za masuke zilioza, masuke yakasimama meupe, ukiyashika ni makapi matupu. Mke wangu alikuja shambani, akatazama, akarudi nyumbani bila kusema neno. Sijasahau mgongo wake ulivyokuwa ukiondoka. Tangu siku hiyo sipandi mbegu nisiyoijua inakotoka.

Jaruba la Tatu
Asante mzee, lakini mimi wadudu nawaona kwa macho.

Kijana wa Bomba
Changanya dawa mbili mkuu, piga asubuhi, rudia jioni. Mdudu hasikii lugha nyingine.

Bi Suke
Mwanangu, shamba halisimamiwi kwa simu. Duara la kitanda halifiki chumba ndani ya usiku mmoja. Ulikuwa wapi siku zote hizo? Sisi tulikuwa tunaingia kwenye majaruba kila asubuhi, umande haujakauka.

Lenzi
Jaruba la Tatu, mkamate mmoja, mweke kwenye karatasi nyeupe, mtazame mguu wa nyuma kwa kioo cha kukuzia. Ukiona mwishoni mwa muundi kuna mwiba mmoja mkubwa unaochezacheza, kama kikwaru cha jogoo, huyo ni wa familia ya Delphacidae, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mashina. Ukiona muundi wote una safu za vimiba kama msumeno, huyo ni jamii nyingine, mara nyingi wale wa kijani wanaokaa juu kwenye majani. Hata vipapasio vinasema: wa kikwaru vyake vimeota chini ya macho, wa msumeno vimeota katikati ya macho au mbele yake.

Halafu tazama mgongo. Kahawia mtupu unaong'aa kama umepakwa mafuta, tunaanza kufikiria Nilaparvata, mfyonzaji wa kahawia wa mpunga. Ukiwa na mstari mweupe katikati ya mabega, ni mwenzake, Sogatella furcifera.

Sasa swali langu. Umeshapulizia nini, mara ngapi?

Jaruba la Tatu
Nimetazama kwa lenzi ya mwanangu ya shule. Kikwaru kipo! Mgongo kahawia mtupu. Wengine wana mbawa ndefu kupita tumbo, wengine mbawa zimeishia katikati ya mgongo kama kikoti kifupi. Kwa hiyo ni aina mbili? Ninunue dawa mbili?

Lenzi
Ni aina moja. Wa mbawa ndefu ndio wanaohama. Wa kikoti hawaruki mbali, na majike yao hutaga zaidi. Ukiwaona wengi ujue wameshaamua kuishi hapo.

Hujajibu swali. Umepulizia mara ngapi?

Jaruba la Tatu
Nimepulizia kawaida tu kama wakulima wengine.

Hesabu Kali
Kawaida si namba.

Lenzi
Kaka, sikuulizi ili nikuseme. Jibu lako ndilo linaloamua ushauri.

Jaruba la Tatu
Haya. Mara tatu. Ya kwanza mpunga ukiwa mdogo, kulikuwa na viwavi wanaokunja majani nikaogopa. Ya pili nilichanganya dawa mbili. Ya tatu wiki iliyopita masuke yalipoanza kuinama, baada ya kuona duara. Yurea pia niliongeza, karibu mara mbili ya kipimo, kwa sababu niliona njano nikadhani ni njaa ya mbolea. Na ya nne nimeshaichanganya, iko kwenye bomba hapa mlangoni. Nimeshakopa, nimeshanunua, siwezi kuiacha. Msinilaumu, nisingekaa nikitazama chakula kinakauka.

Lenzi
Asante kwa kusema. Sasa nisikilize taratibu.

Viwavi wa kukunja majani kwenye mpunga mchanga hutisha macho, lakini mpunga huo una muda wa kutoa majani mengine. Ile dawa ya kwanza iliua walinzi: buibui wanaokimbia juu ya maji, vinyigu vidogo vinavyotaga ndani ya mayai ya adui, wadudu wanaofyonza mayai hayo. Adui mwenyewe mayai yake ameyachomeka ndani ya ala ya jani, dawa haiyafikii. Yakaanguliwa, watoto wakakuta nyumba haina mlinzi. Wanakaa chini kabisa, wewe unapulizia juu, majani yanakinga. Zipo hata dawa ambazo zikimgusa bila kumuua humfanya atage zaidi. Yurea nayo imeulainisha mmea na kuusheheneza chakula anachokitaka.

Hili halikuanza kwako. Mwaka 1986 Indonesia ilipiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu kwenye mpunga kwa sababu hii hii: kadiri walivyopulizia ndivyo Nilaparvata lugens alivyozidi. Mbegu nayo haiokoi peke yake. Mbegu ya mpunga ya IR26 ilitolewa mwaka 1973 ikiwa na ukinzani dhidi yake, miaka michache tu baadaye wadudu wakawa wanaila.

Kijana wa Bomba
Kwa hiyo tusipulizie, tuwaimbie?

Lenzi
Kuna wakati wa kupulizia, baada ya kuhesabu. Wadudu wakizidi wastani wa mmoja kwa kila bua (si kila shina, shina moja lina mabua mengi), tena wakawazidi walinzi wao, hapo unamuuliza afisa ugani dawa inayomlenga huyu na kuacha buibui, na unaielekeza chini kwenye mashina.

Hesabu Kali
Wakuu, samahani nawakatisha. Mimi naona hii ni chai. Someni tena. Uzi unaanza na mpunga wa siku 35 tangu kupandikiza. Huku chini masuke yameanza kuinama tangu wiki iliyopita. Mpunga gani huo unainamisha masuke siku ya 28? Huyu kaokota habari mahali anatupotezea muda.

Kijana wa Bomba
Chai ya moto kabisa, na picha hakuna. Nilishangaa mtu anakuta kikwaru cha mdudu ndani ya dakika kumi.

Mzee wa Mfereji
Kuna mwaka jamaa alituombea ushauri wa ng'ombe hapa, kumbe hana hata kuku. Nilimwandikia usiku kucha.

Bi Suke
Msimuite mtu mwongo kabla hajajibu. Mwanangu, njoo useme.

Jaruba la Tatu
Sijadanganya wadudu. Nimedanganya shamba.

Yako mawili, yamepakana, yanatenganishwa na tuta moja. Wa siku 35 ni wangu. Wa masuke ni wa mama mkwe, una siku 75. Alisafiri kuuguza, akaniachia, akasema "baba, nitunzie". Dawa zote nilipiga kwake, maana nilitaka akirudi akute shamba safi kuliko la mtu yeyote. Langu sikulipulizia hata mara moja, hela iliisha. Unaokauka ni wake. Wangu ni wa kijani. Mnaelewa sasa kwa nini sikuandika? Atasema nilijali langu nikaacha lake, na ni kinyume chake.

Hesabu Kali
Nafuta neno langu. Samahani sana ndugu.

Kijana wa Bomba
Daah. Hapo mimi ningehama nchi. Pole mkuu.

Lenzi
Kaka, hujaona ulichonacho. Nenda kila upande, chagua mashina kumi mbalimbali, pigapiga kila shina kwa kiganja vidudu vianguke majini, hesabu wadudu na buibui. Bomba usiliguse kwanza.

Jaruba la Tatu
Nimerudi. Kwa mama, mashina kumi: wadudu nimeachia 160, buibui mmoja. Majani ya chini yananata, yana weusi kama masizi. Kwangu, mashina kumi: wadudu 14, buibui 9.

Nimerudia mara mbili nikidhani nimekosea. Mbegu ni moja, maji ni mamoja.

Lenzi
Hujakosea. Kunata ni umande mtamu wanaoutoa, masizi ni ukungu unaoota juu yake.

La mama lina siku 75, punje zinajaza. Toa maji yote, wanapenda chini penye unyevu, na hata hivyo muda wa kukausha jaruba kabla ya kuvuna unakaribia. Yurea basi. Sehemu zilizokomaa zivunwe mapema, kabla maduara hayajakutana. Ukipulizia sasa, dawa itaingia kwenye punje zinazokaribia kuliwa. Soma kibandiko, kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. La kwako liache na buibui wake, hesabu kila baada ya siku tatu, maana wa mbawa ndefu watavuka tuta.

Jaruba la Tatu
Na nyasi za kwenye tuta? Kuna vidudu vya kufanana navyo huko, nimeshachukua panga nifyeke zote.

Lenzi
Liweke chini. Huyu Nilaparvata lugens ana ndugu, Nilaparvata bakeri na Nilaparvata muiri, wanaoishi kwenye nyasi ya Leersia na hawana shida na mpunga wako. Kwa macho wanafanana, hata wataalamu huwatenganisha kwa kutazama viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Nyasi hizo hizo ndizo buibui wanapojificha wakati shamba ni tupu. Ukifyeka zote umerudia ile dawa ya kwanza kwa panga.

Mzee wa Mfereji
Dawa iliyo kwenye bomba usiimwage mferejini, sisi wa chini tunachota. Iweke mbali na watoto, muulize bwana shamba itupwe wapi.

Jaruba la Tatu
Sawa mzee. Lakini mama mkwe nimwambie nini? Mke wangu anasema tusubiri aone mwenyewe.

Bi Suke
Asione mwenyewe. Mwambie wewe, umekaa chini, kabla hajavua viatu. Mwambie ulipiga dawa kwa mapenzi na ukakosea. Kisha mpeleke kwenye tuta, mpigie mashina ya pande zote mbili, ahesabu kwa mikono yake. Huyo amelima kabla hujazaliwa, ataelewa buibui kuliko maneno yako.

Jaruba la Tatu
Nimefungua maji, jaruba la mama linashuka. Mahali palipokomaa tunaanza kuvuna kesho alfajiri, mke wangu na mimi. Anafika Jumamosi na basi la mchana. Nitampokea kituoni.