Naomba ushauri: jina la mbwa wetu mdogo aina ya Maltese

MkaziWaNjiro (Arusha)

Habari zenu ndugu zangu. Juma lililopita tulimpokea nyumbani mbwa jike mchanga aina ya Maltese, mweupe mwili mzima, ambaye tumeambiwa hata akikomaa hatazidi kilo nne. Anakula vizuri na daktari wa mifugo ameshampa chanjo ya kwanza, lakini kadi yake ya chanjo ingali tupu pale panapoandikwa jina, kwa sababu ndani ya nyumba hatujakubaliana.

Watoto wanataka aitwe Princess, jina walilolitoa kwenye katuni. Mume wangu anataka Simba, kwa hoja kwamba kila mbwa aliyefugwa kwao Machame aliitwa Simba na haoni sababu ya kuivunja desturi hiyo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye ndiye atakayeshinda na mbwa huyu sisi wengine tukiwa kazini na shuleni, ametamka wazi kwamba hatamwita mbwa kwa jina la binadamu, na kwamba hilo la Princess linamsumbua kulitamka. Wakati huohuo dada anayetusaidia kazi za nyumbani amekwisha kumzoesha "Kadogo", na naona mbwa ameanza kugeuka kila anapoisikia sauti hiyo.

Siombi orodha ya majina mazuri, kwa kuwa hayo yamejaa kila mahali. Ninachoomba ni kusaidiwa na wenye uzoefu: ni mambo gani hasa ya kupima kabla ya kumpa jina mbwa mdogo anayeishi ndani ya nyumba yenye watu wa rika zote, na je, tukichagua jina jingine leo, tutakuwa tumemchanganya?

MkufunziWaMbwa (Nairobi)

Dada, hongera kwa mgeni, na umefanya vyema kuuliza kabla kadi haijajazwa. Mimi hufunza mbwa wa majumbani, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mlisikilize jina kabla hamjalipenda kwa maana yake. Litamkeni kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya kuita kutoka mlangoni hadi getini, kisha mwambieni mama mkwe naye alitamke. Jina linalobadilika kila likihama kinywa kimoja kwenda kingine, kwa mbwa si jina moja. Ikiwa watoto watasema Princess na bibi yao akasema Purinsesi, mbwa atajifunza sauti mbili, na atachelewa kuitika zote mbili. Kwa sababu hiyo mimi huwaambia wenye nyumba wampe uzito wa kwanza yule anayeshinda na mbwa, na kwenu huyo ni mama mkwe.

Jambo la pili ni amri. Wengi wetu huwaamrisha mbwa kwa maneno mafupi: kaa, keti, lala, njoo, acha, toka, tulia. Jina lisikaribiane na lolote kati ya hayo. Mbwa anayeitwa Lola atasikia lala, anayeitwa Jojo atadhani anaambiwa njoo hata pale unapotaka abaki alipo, na anayeitwa Chacha atakuwa anakatazwa siku nzima, mbali na kwamba hilo ni jina la heshima la watu kule Mara na Kuria. Wakufunzi wengi hupendelea majina ya silabi mbili yanayoanza kwa sauti kali kama k, t au p, kwa sababu mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la silabi mbili linaanza na mkazo wake moja kwa moja, kwa hiyo mbwa analidaka mara tu linapotamkwa.

Naomba niseme zaidi kidogo kuhusu mbwa wadogo, maana hapa ndipo ninapoona hatari ambayo wafugaji wengi hawaifikirii. Mbwa mkubwa hufunzwa kuitika jina kwa kuwa mwenyewe anajua hataweza kumbeba. Mbwa wa kilo tatu huachwa bila mafunzo kwa sababu akikosea ananyanyuliwa tu na kuwekwa pembeni. Matokeo yake ni kwamba jina lake linakuwa neno la kubembelezea, linasemwa bila kikomo, na yeye anajifunza kwamba akilisikia hakuna analopaswa kufanya. Siku geti likiachwa wazi, mbwa huyo ndiye asiyeonekana na dereva anayerudisha gari nyuma, ndiye asiyeonekana na bodaboda, na ndiye anayeweza kubebwa na mbwa wa jirani kwa mdomo mmoja. Jina zuri la mbwa mdogo ni lile mnaloweza kuliita kwa sauti kubwa mkiwa na hofu, likatoka vizuri, naye akageuka. Lipimeni kwa kipimo hicho.

Kuhusu "Kadogo", msiwe na wasiwasi. Mbwa mwenye umri huo hubadilishwa jina bila shida, na hata mbwa wazima wanaochukuliwa kutoka kwa wenyewe wa awali huzoea jina jipya wakifundishwa kwa utaratibu.

MwanaMvita (Mombasa)

Assalaam alaykum na habari za Arusha. Mimi sifugi mbwa. Sisi wa pwani wengi ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayooshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na kwa hiyo mbwa hatumwingizi ndani. Hata hivyo nimeishi miaka mingi ukuta kwa ukuta na jirani mwenye mbwa wawili wadogo, tukaheshimiana, na sehemu ya heshima hiyo ilitokana na majina aliyowapa. Ndiyo maana nimeona nichangie.

Jina la mbwa haliishii ndani ya nyumba. Litaitwa uani, litaitwa barabarani, litasikika alfajiri. Mama mkwe wako amesema jambo la busara anapokataa jina la binadamu, kwa sababu mtaani hapo huenda pana mtoto au bibi mwenye jina hilo, na hakuna mzazi atakayefurahi kusikia mwanawe akiitwa pamoja na mbwa kisha mbwa ndiye akaja. Majina ya mitume na ya masahaba yaepukwe kabisa, na vivyo hivyo majina ya watakatifu kwa majirani zetu Wakristo. Ningeongeza hata yale yanayochukuliwa kuwa ya kawaida, kama Neema, Rehema, Baraka na Imani, kwa sababu ni majina ya watu na tena ni maneno ya dua.

Kuna na desturi nyingine ambayo ningekuomba uiepuke, nayo ni ya kumpa mbwa jina la kumsema jirani. Nimewasikia mbwa wanaoitwa Mtasema na Watachoka, na kila wanapoitwa, jirani anajua ni yeye anayeambiwa. Kijembe cha aina hiyo hudumu kwa umri wote wa mbwa, na mbwa wadogo wa ndani wana umri mrefu. Si ajabu wakatimiza miaka kumi na mitatu au zaidi.

Nisieleweke kwamba dini inamdharau mnyama huyu. Katika Sura ya Al-Kahf ametajwa mbwa aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini akiwa pamoja na vijana waliolala pangoni. Qur'ani haikumpa jina, lakini katika masimulizi ya wafasiri hutajwa kwa jina la Kitimiri. Jirani yangu aliwahi kuniuliza kama angeweza kulitumia jina hilo, nikamshauri aliache kwa kuwa lina heshima yake, naye akakubali akawaita mbwa wake Tufe na Bahari. Hakuna aliyekwazika.

MsomajiWaMikocheni (Dar es Salaam)

Nimesoma maoni ya waliotangulia na nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa, ila ningependa kumtetea baba mwenye nyumba. Wengi watasema Simba halimfai mbwa wa kilo nne kwa sababu ya umbo lake. Sikubaliani nao. Kumpa mbwa mdogo jina la kitoto tu ni kuanza kumchukulia kama pambo, na mkufunzi ameeleza vizuri madhara ya kumchukulia hivyo.

Mfano ninaoupenda ni wa Smoky, mbwa jike aina ya Yorkshire Terrier aliyekutwa katika handaki huko New Guinea mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akalelewa na askari Mmarekani William Wynne. Alikuwa na uzito usiofikia kilo mbili. Mwaka 1945, katika uwanja wa ndege wa Lingayen nchini Ufilipino, askari walihitaji kupitisha waya wa mawasiliano chini ya njia ya ndege, ndani ya bomba lenye urefu wa takriban mita 21 na upana wa sentimita 20 hivi, ambalo sehemu zake zilikuwa zimejaa udongo. Walimfunga Smoky kamba iliyounganishwa na waya, na Wynne akaenda upande wa pili akamwita kwa jina. Mbwa alisita, akarudi nyuma, akaitwa tena, akapita hadi mwisho. Kazi ya kuchimba ambayo ingewaweka watu na ndege hatarini kwa siku kadhaa ikawa haina haja. Ninapofikiria jina la mbwa mdogo hufikiria bomba lile, kwamba gizani hakuwa na kingine cha kumwongoza ila sauti ya mtu anayemwamini ikitamka jina lake.

Katika hoja moja ninatofautiana na mkufunzi: sidhani kwamba urefu wa jina unamlemea mbwa. Chaser, mbwa aina ya Border Collie wa huko South Carolina, Marekani, alifundishwa majina ya vitu 1,022 na akaweza kuvitofautisha, kama ilivyochapishwa na watafiti mwaka 2011. Mbwa mwenye uwezo wa namna hiyo hashindwi na silabi tatu. Kama silabi tatu zinampa mama mkwe raha ya kuita, mpeni silabi tatu. Na kama mnatafuta jina fupi lisilo la mtu yeyote mtaani, Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na mbwa mdogo aina ya Pomeranian aitwaye Turi, ambaye alikuwa kitandani pake alipofariki Januari 1901.

MkaziWaNjiro (Arusha)

Nawashukuru sana. Jana usiku niliwasomea wote nyumbani, pamoja na mama mkwe, ambaye alifurahi mno kuona kwamba neno lake limeungwa mkono na mtu wa Mombasa. Watoto wamekubali kuliacha jina la Princess. Mume wangu ameikubali hoja ya jirani, kwa kuwa nyumba mbili kutoka kwetu kuna mbwa mkubwa wa ulinzi aitwaye Simba, na tukiita tutaitikiwa na wawili. Majina yaliyobaki mezani ni manne: Theluji, kwa ajili ya weupe wake na kwa ajili ya mlima tunaoutazama asubuhi mawingu yakifunguka, Pamba, Turi, na Jojo, ambalo mtoto wa mwisho bado analing'ang'ania. Mkufunzi, naomba uyapitie.

MkufunziWaMbwa (Nairobi)

Jojo nimeshalieleza, na ningewaomba mlitoe kabisa. Theluji ni jina zuri mno, na nakubali kwamba urefu wake si kikwazo kwa mbwa, lakini lijaribuni kwanza kwa mama mkwe na kwa dada wa nyumbani. Watu wengi wa bara hutamka th kama s, kwa hiyo atakuwa Theluji kwa watoto na Seluji kwa bibi, na tutakuwa tumerudi kulekule kwa Princess. Turi lina tatizo la aina hiyohiyo kwa nyumba yenye mtu anayebadilishana r na l: likishakuwa Tuli linakaribiana mno na tulia, neno ambalo mtalisema mara nyingi kwa mbwa mchanga mwenye kubweka. Pamba linatamkwa vilevile na kila mtu, linaanza kwa sauti kali, halifanani na amri yoyote, na linaweza kuitwa kwa nguvu bila kuvunjika. Ningelichagua hilo.

Namna ya kulifundisha ni hii. Andaeni vipande vidogo sana vya kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala mifupa. Mbwa akiwa anatazama pembeni, mtu mmoja aseme "Pamba" mara moja tu, kwa sauti ya juu kidogo yenye furaha, kwa maana utafiti umeonyesha kuwa mbwa wachanga huivutikia zaidi sauti ya namna hiyo. Akigeuka, apewe kipande papo hapo. Msirudie jina mara tano mfululizo, maana atajifunza kusubiri la tano. Kwa siku za mwanzo dada anaweza kusema "Pamba, Kadogo", jina jipya likitangulia la zamani, kisha taratibu la zamani lipunguzwe hadi liachwe. Kila mtu wa nyumbani afanye zoezi hilo kwa dakika chache kila siku, watoto wakiwemo.

Zaidi ya yote, jina lisitumike kukemea. Akikojoa kwenye zulia semeni "acha" au msiseme lolote, lakini msimwite Pamba kwa hasira, wala msimwite kisha mkamfanyia jambo asilolipenda kama kumkata kucha. Mkihitaji kumkata kucha, mfuateni alipo.

DaktariWaMifugo (Moshi)

Naongeza neno moja la kikazi. Mkishakubaliana, jina liandikwe kwenye kadi kabla ya chanjo zinazofuata, hasa ile ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu, na jina hilohilo litumike kila mnapokwenda kliniki ili kumbukumbu zake zisitawanyike katika majalada mawili. Kwenye kibati cha mkanda wa shingoni, hata hivyo, ningeshauri msiandike Pamba. Mbwa wadogo wa mbegu huibwa kwa sababu wana bei, na mwizi anayelijua jina la mbwa ameshapata njia rahisi ya kumtuliza. Andikeni namba ya simu peke yake.