WANA WA BWAWANI 💧 (wanachama 63)

*Jumamosi*

06:14 Mwl. Tausi (Katibu): Habari za asubuhi ndugu zangu. Shikamooni wakubwa. Nimetoka bwawani sasa hivi. Maji yamebakiza mkono mmoja kufika juu ya tuta. Mkono, kiwiko hadi vidole, nimepima na fimbo. Pale ng'ombe wanapovukia tuta limeliwa, hapo hata mkono haufiki. Na chini, kwenye kisiki cha mkwaju, panatoka maji.

06:15 Mwl. Tausi: [picha]

06:15 Mwl. Tausi: [picha]

06:16 Mwl. Tausi: [video 0:38]

06:52 Mwl. Tausi: Naona 29 mmesoma.

06:58 Mama Upendo: Marahaba mwanangu. Picha hazifunguki, bando limekata. Amina

07:03 Juma Boda: Mwalimu hayo si yanatoka siku zote? Tulikuwa tunakunywa pale tukichunga

07:07 Mwl. Tausi: Tulikuwa tunakunywa kwa sababu yalikuwa meupe. Leo nimekinga kwenye chupa, nikaiweka juu ya jiwe, nikasubiri. Chini imetulia tope ya unene wa kidole. Tuta la udongo kutoa jasho ni kawaida. Likitoa tope maana yake maji yanabeba udongo wa tumboni mwake. Tundu linapanuka kwa ndani, kwa juu huoni kitu.

07:08 Mwl. Tausi: Na ule mkwaju uliokatwa, mizizi imeoza, ndiyo imekuwa bomba. Aliyechoma mkaa anajijua.

07:10 Juma Boda: Mbona unaniangalia mimi 😂

07:16 Eliya Dar: Poleni sana nyumbani. Mungu atatenda 🙏🙏

07:16 Ibra Fundi: 🙏

07:17 Eliya Dar: Simba wanacheza saa ngapi leo?

07:18 Ibra Fundi: Saa kumi. Andaa leso

07:21 Mwl. Tausi: Jamani. Solai, Kenya, Mei 2018. Bwawa la udongo la shambani, mvua nyingi, likapasuka usiku. Watu zaidi ya 40 walikufa. Naongea kitu mnacheka.

07:23 Juma Boda: Hiyo Kenya bana

07:24 Mwl. Tausi: Udongo wa Kenya una nini ambacho wetu hauna?

07:40 Mwl. Tausi: Jambo la kwanza ni utoro wa maji, ile njia ya kutolea maji yanayozidi. Umezibwa kwa viroba vya mchanga, safu mbili. Maji yanatakiwa yatokee kule kwenye miamba, sasa yamekosa njia yanapanda tu.

07:55 Baba Mdogo Petro: Viroba niliweka mimi. Sijifichi. Kiangazi kile ng'ombe wa nani walikuwa hawanyweshwi? Bwawa lilikaa na maji wiki tatu zaidi. Nyanya mlikula wote, mwalimu na wewe ulikula

07:57 Mwl. Tausi: Shikamoo baba mdogo. Nilikula, sikatai. Lakini tulikubaliana vitoke kabla ya mvua.

07:58 Baba Mdogo Petro: Mgongo

08:02 Zuhura wa Mkalama: Kama tumeamua kuongelea utoro basi tuongelee na simenti. Mifuko 12.

08:03 Baba Mdogo Petro: Hilo lilikwisha kwenye kikao

08:03 Zuhura wa Mkalama: Lilikwisha kwako.

08:05 Ibra Fundi: Mimi kama fundi nasema tu, kuna baraza moja hapa kijijini halina hata ufa 🤐

08:05 Juma Boda: 😂😂😂😂

08:06 *Baba Mdogo Petro amefuta ujumbe huu*

08:09 Mwl. Tausi: Naomba. Simenti tutaizika siku nyingine.

08:14 Juma Boda: Mwalimu mbona rahisi. Vijana 6, majembe 6, tunachimba mfereji mdogo juu ya tuta maji yapungue. Nusu saa tumemaliza

08:14 Mwl. Tausi: JUMA

08:15 Mwl. Tausi: Asiguse mtu lile tuta na jembe. Maji yakipita juu ya udongo uliochimbwa yanaendelea kuchimba yenyewe. Unaanza na mfereji wa futi moja, ukigeuka kuwasha sigara ni korongo. Tunafungua utoro, na tunanyonya kwa mipira. Nataka mipira ya inchi 3. Tunaijaza maji, tunaziba ncha zote mbili, tunaivusha juu ya tuta, tunazibua kwa pamoja, inajivuta yenyewe. Shabani wa bustani anayo.

08:16 Mwl. Tausi: @Shabani Bustani

08:45 Mwl. Tausi: @Shabani Bustani

09:20 Mwl. Tausi: Nimeongea na injinia mmoja wa wilayani, amepokea vizuri, amesema nitume picha. Swali lake la kwanza: bwawa ni la nani? Nikakosa jibu. Wa mifugo wanasema la maji. Wa maji wanasema la kijiji. Kijiji kinasema liliachwa na misheni. Na sheria ya 2009 ya rasilimali za maji inambebesha mwenye bwawa usalama wake, ahakikishe linakaguliwa na mtaalamu. Jumatatu naenda Singida mjini, Bodi ya Maji Bonde la Kati. Barua inataka jina la mwenye bwawa. Niandike nani?

09:24 Zuhura wa Mkalama: Si la wote

09:25 Ibra Fundi: La wote siku ya kambale 😂

09:25 Mama Upendo: Ibra, ya kambale usiyalete humu, kuna wakwe

09:31 Mwl. Tausi: @Mwenyekiti Kitongoji

10:12 Mwenyekiti Kitongoji: Salaam. Nipo mnadani. Mimi bwawa nimelikuta, siwezi kusaini kitu nilichokikuta. Litaingia kwenye ajenda

10:13 Mwl. Tausi: Ajenda ya lini mwenyekiti?

10:30 Ibra Fundi: Mimi nijitolee. Lile tundu naliziba leo. Udongo wa kichuguu, simenti mfuko mmoja, nashindilia. Simenti kama ipo lakini 😅

11:18 Simu ya Babu: Shikamooni, ni Neema. Nimemsomea Babu yote tangu asubuhi, na ya kambale. Amesema niandike anavyotamka nisiongeze.

11:26 Simu ya Babu: "Marahaba. Tulihamishiwa hapa 1974, tuta tukalianza baada ya mavuno. Wanaume udongo, wanawake maji, ng'ombe wakapitishwa juu kulishindilia. Siku ya kukabidhiwa karatasi ilitaka mtu mmoja. Watu wakatazamana kama mnavyotazamana humo kwenye simu. Nikatia dole gumba. Bwawa ni langu. Tausi, andika jina langu.

Tundu asilizibe mtu. Ukilinyima mdomo huu litatafuta mwingine usiouona. Tandazeni mchanga wa mtoni, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yapite, udongo ubaki. Mwaka wa Elninyo tulifanya hivyo.

Petro, viroba ulivibeba kwa mgongo huo huo. Vitoke leo.

Wa bondeni wasilale bondeni mpaka nitakaposema. Wa kwanza ni wewe, mama Upendo. Nimeshazika mmoja kwa ajili ya maji yale."

11:27 Simu ya Babu: Amemaliza. Ametoka nje, amekaa.

11:58 Baba Mdogo Petro: Sawa baba. Nakwenda

12:01 Zuhura wa Mkalama: Nakuja na wanangu wawili na karai. Petro usibebe peke yako

12:06 Mama Upendo: Sawa baba. Ila nina kuku 14 na mmoja analalia

12:07 Juma Boda: Shangazi kuku wanaruka, wewe huruki. Nakufuata na pikipiki

12:20 Mwl. Tausi: Asante Babu. Haya, nakili uongeze jina lako:
KUTOA VIROBA: 1. Bamdogo Petro 2. Zuhura na wanawe 3.
MCHANGA NA KOKOTO: 1. Ibra (trekta la nani?) 2.
ULINZI WA USIKU, filimbi na tochi: 1. Tausi 2.
MAFUTA YA TREKTA: 1.

12:44 Eliya Dar: Mafuta niwekeni 20,000. Natuma jioni

12:45 Ibra Fundi: Jioni ya lini Eliya. Tunakujua

13:10 Mwl. Tausi: Kulala ni darasa la nne na la tano. Ufunguo kaondoka nao mkuu wa shule, yuko mjini, anatafutwa.

16:10 Eliya Dar: Mpira umeanza

17:52 Mwl. Tausi: Vimetoka viroba 34, vimebaki kama 30. Maji yameanza kupita utoroni, yameshuka vidole vinne. Mchanga umefika tela moja, kokoto bado. Chupa ya jioni ina tope kidogo kuliko ya asubuhi, lakini tope ipo. Upande wa mashariki kumefunga, kweusi. Ulinzi nimebaki peke yangu kwenye orodha.

17:59 Juma Boda: Niandike wa pili. Kisiki kile na mimi nadaiwa

19:30 Shabani Bustani: Jamani nimeona sasa hivi, simu ilikuwa chaji. Mipira ipo, vipande vitano. Ila imekwenda kwa shemeji ng'ambo ya mto. Nani anaifuata?

19:31 Mwl. Tausi: Mto unavukika?

19:48 Mwl. Tausi: Shabani?

20:40 Mwenyekiti Kitongoji: Nimerudi. Kikao kesho baada ya ibada, chini ya mbuyu. Huyo mtaalamu wa Jumatatu nauli yake inatoka wapi?

21:05 Mwl. Tausi: Darasa limefunguliwa. Kaya za bondeni ni 9, waliofika ni 6. Mama Upendo hayupo, simu inaita tu. Juma si ulimleta?

21:07 Juma Boda: Nilimshusha shuleni saa kumi na moja na mkeka wake

21:09 Simu ya Babu: Babu anauliza mama Upendo amefika?

21:22 Mama Upendo: Nipo jamani msipige kelele. Nimerudi mara moja kumchukua yule anayelalia

21:22 Mwl. Tausi: Umerudi WAPI?

21:23 Mwl. Tausi: Juma pikipiki